Jiwe la Dada

Siku hizi vijana wa Karatu wananyanyua makopo yaliyojazwa saruji, kisha wanalalamika: mikono inakua, miguu imegoma. Nawasikia, nacheka. Mwili haukupi vyote kwa mkupuo. Nililijua hilo kabla hawajazaliwa, wala sikulijua kwa kutafuta urembo.

Dada yangu alifariki kwa homa, Uhuru ungali mpya. Yeye ndiye aliyekuwa akisaga unga nyumbani, amepiga magoti nyuma ya jiwe kubwa, anasukuma lile dogo kwa mikono miwili. Matanga yalipokwisha, mama akaacha kula, akawa anakunywa maziwa tu. Baba akaleta unga wa mashine kutoka mjini. Mama akaonja, akatema. "Unanuka mafuta." Nikasaga mimi, zikatoka chenga tupu za kulishia kuku. Akasukuma sahani.

"Huu si wa dada yako."

Jamani! Nililia kwa hasira kuliko nilivyolia msibani. Baba akanivuta nje, akaniambia, "Mama yako anakwisha. Saga mpaka uweze."

Jirani alinifariji eti haba na haba hujaza kibaba. Kibaba gani, na mama anaisha!

Mikono ilitangulia, chini ya viwiko. Kabla mahindi hayajafika magotini, bangili ya marehemu ilikuwa inanibana. Mabega yakafuata taratibu, na gauni lake lililokuwa likinipwaya likanikaa sawasawa. Mgongo ulinitesa hadi mahindi yalipochanua. Mapaja yalichelewa kuliko vyote. Unga ulizidi kulainika, mama alizidi kukonda, nami nikaanza kuogopa. Nikiinamia karai la maji, mabega niliyoyaona humo hayakuwa yangu. Majirani waliponiona kwa nyuma walishtuka. Niliuogopa mwili wangu mwenyewe.

Kwetu kila mwanamke ana mlio wake jiweni. Hata ukiwa shambani unajua nani anasaga. Wangu ulikuwa wa kukwaruza na kupumzika, kukwaruza na kupumzika. Wa dada ulikuwa mrefu, haukatiki. Asubuhi moja, ukungu wa msitu wa Ngorongoro umeshuka mpaka mlangoni, mapaja yalinishika imara, nikasaga bila kusimama hata nikasahau kuchoka. Nyuma ya ukuta nikasikia kitanda kikilia. Mama alikuwa ameinuka.

"Mwanangu wa kwanza," akaita, kwa sauti niliyokuwa nimeisahau. "Umerudi? Nina njaa."

Mimi ni wa pili. Baba alikuwa mlangoni, akanitazama. Jiwe bado lilikuwa mikononi mwangu.

"Abee, mama," nikaitika. "Naleta sasa hivi."

Alikula akamaliza. Aliishi miaka mingi baada ya hapo, na hata siku moja hakuuliza yule binti yake mdogo alikwenda wapi.