Shabiki Aliyenuna

Kwa heshima na taadhima, Waswahili wote wa Guangzhou, Uchina, wanatangaziwa kwamba shabiki mkuu, na huenda wa pekee, wa Callum Penhale, Mwingereza anayeshika nafasi ya mia sita na ushei kwa tenisi duniani, ni Mbarak wa Unguja, mnunuzi wa jinzi.

Miaka mitatu Mbarak amemfuata kijana huyo kwenye simu, katika vishindano visivyoonyeshwa na televisheni yoyote, na kila mara anatolewa raundi ya kwanza.

"Huyo mzungu wako hata akicheza na ukuta, ukuta unashinda," humcheka dada yake, Swalha.

Juzi Callum akaja kucheza Guangzhou penyewe. Mbarak akamwachia Swalha mzigo wa jinzi wa viwanda vya Xintang, akakimbilia uwanjani amwone akishinda japo mara moja.

Watazamaji walikuwa watatu, mmoja kalala. Mbarak akakaa mbele kabisa. Lakini miaka kumi ya kupatana bei kwenye maduka ya mtaa wa Guangyuan Xilu imemfundisha kwamba kitu ukikipenda unakikunjia uso, la sivyo laoban mwenye duka anapandisha bei. Basi kila Callum alipopiga mpira mzuri, Mbarak alinuna, akatikisa kichwa, akasonya. Kijana akawa anamtupia jicho, akaanza kupiga mipira nje, akafungwa seti mbili kavu.

Akitoka, akasimama mbele ya Mbarak, machozi yanamlenga.

"Mzee, nimekukosea nini?"

"Hamna kitu," akajibu Mbarak, bado kanuna. "Mimi shabiki wako."