Sauti ya Pili ya Mama Nafula

Watu wa Kaloleni wakikuambia Nerima aliyumba kichwani, usiwasikize. Nimekuwa jirani yake miaka kumi na minne, ukuta wetu ni mmoja, na kwenye kwaya nasimama naye bega kwa bega, sauti ya pili. Mama Nafula, kama tunavyomwita, ana akili zake zote. Kilichomsumbua ni hofu. Hofu hiyo ilikuwa na dawa, na dawa yenyewe tulimnyang'anya sisi watu wa kanisa, mchana kweupe, tukiwa tumevaa nguo za Jumapili.

Ilimwingia mwaka ule mumewe, Wasike, alipoanguka kutoka ghorofa ya tano kwenye mjengo. Tangu hapo ilikuwa inamshika bila taarifa. Yuko kwenye cherehani anashona sare za shule, mara mikono inatetemeka, kifua kinabana, hewa haishuki. Mara ya kwanza nilidhani anakufa, nikapiga nduru mpaka majirani wakajaa mlangoni. Kwenye zahanati walimpima moyo na presha, wakasema moyo hauna neno, huo ni wasiwasi, atafute kitu kinachomtuliza.

Kitu hicho alikuwa amekwisha kukipata. Aliniambia ukiimba huwezi kupumua ovyo, kwa sababu wimbo wenyewe unakupimia pumzi: vuta hapa, shikilia, toa pale. "Halafu nikisikia wengine wako kando yangu, Mama Munyao, najua Mungu hajaniacha," alisema. Hakukosa mazoezi hata Jumatano ya mvua. Na hofu ikimkuta nyumbani alianza kuimba chini kwa chini, na binti yake Nafula, ambaye alikuwa sauti ya kwanza, akamdakia kutoka jikoni. Mimi upande wangu wa ukuta niliwasikia. Ubeti wa pili ukiisha, cherehani inaanza kulia tena.

Kisha Nafula akapata mimba. Alikuwa na miaka ishirini, na aliyempa mimba aliingia mitini.

Kanisa letu lina sheria kwamba binti akipata mimba nje ya ndoa, yeye hutolewa kwenye huduma, na mzazi wake naye, kama anahudumu, anakaa benchi la nyuma. Kamati ilikutana baada ya ibada. Nilikuwamo.

"Mama Nafula, sisi tunakupenda," alianza Mzee Bwire, mwenyekiti, nami nikajua mambo yameharibika, kwa maana Mzee Bwire hamwambii mtu hivyo akiwa salama. "Utakaa nyuma miezi sita. Lakini ukituonyesha kwamba hukubaliani na jambo hili ndani ya nyumba yako, tutakupunguzia. Msichana akienda kwa nyanya yake, mwezi mmoja unatosha."

"Na mazoezi, Mzee?"

"Hata mazoezi."

"Mzee, mimi nisipoimba nitaugua."

"Utaomba, mama. Maombi yanatosha."

Tulipiga kura kwa mikono, na wangu uliinuka pamoja na ya wengine. Sitajificha. Niliogopa nikibaki na mkono chini, wataanza kuuliza kijana wangu Munyao analala wapi wikendi.

Wiki ya kwanza Nerima alijikaza. Wiki ya pili nikamsikia hofu imemshika, naye akajaribu kuimba. Sasa, lazima ujue jinsi kwaya yetu inavyofundishwa. Mwalimu Oketch hurekodi kila sauti peke yake na kuituma kwa simu, sauti ya kwanza kwa wenyewe, ya pili kwa wenyewe, na kila mtu anakariri yake tu. Miaka yote hiyo Nerima hakuwahi kuimba wimbo wenyewe. Alijua sauti ya pili, ambayo ukiisikia peke yake ni kama kusikiliza mtu mmoja akiongea kwenye simu. Aliimba mstari mmoja, akapotea, akaanza tena, na pumzi ikawa inazidi kukatika.

Nafula akadaka kutoka jikoni, taratibu, kama kawaida yao.

"Nyamaza!" Nerima alipiga kelele. "Wewe ndiye umenitoa kwenye kwaya, halafu unaniimbia?"

"Mathe, nakusaidia tu."

"Kaa na dhambi yako kimya."

Niliweka mwiko chini. Ningeweza kugonga mlango wao, ni hatua nne, lakini nilikaa pale nikijifanya nachungulia sufuria. Jumamosi iliyofuata Nafula alipanda basi la Webuye kwenda kwa nyanya yake, anayemwita Kukhu, na begi moja, tumbo likiwa limeanza kuonekana. Nerima hakumsindikiza. Jumapili Mzee Bwire alimpa mkono mlangoni na kumwambia amefanya kama mama Mkristo.

Mwezi huo aliupitia kama mgonjwa. Alikonda. Wenye shule walirudisha sare zenye mikono mirefu upande mmoja na mifupi upande mwingine. Kila hofu ilipomshika alihesabu Jumapili zilizobaki, akijiambia kwamba akirudi kwenye mstari wetu atapumua.

Akarudi. Tulimpa joho lake, nikamfunga kifungo cha nyuma mwenyewe. Mwalimu Oketch akainua mkono, tukaanza. Ubeti wa kwanza Nerima aliimba vizuri. Ubeti wa pili nikaona anageuza kichwa kuelekea safu ya sauti ya kwanza, akitafuta. Midomo ikaacha kusogea. Mikono ikaanza. Watu zaidi ya arobaini tulikuwa tukiimba kumzunguka, na yeye katikati yetu alikuwa akihema kama mtu aliyetolewa majini. Nilimshika kiuno nikamtoa nje kwa mlango wa kando, na kwaya ikaendelea, kwa sababu Mwalimu Oketch hasimamishi wimbo kwa lolote.

Alikaa kwenye ngazi akapiga simu Webuye. Aliweka sauti ya simu juu kwa kuwa mkono haukuweza kuifikisha sikioni, nami nikasikia kila kitu.

"Nafula, mwanangu. Niimbie ile ya kwanza. Ubeti mmoja tu. Imenishika vibaya."

Kule nyuma yake nilisikia watu wakicheka, na kayamba ikipigwa.

"Siwezi saa hii, Mathe," Nafula akasema. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniumiza. "Niko kanisani kwa Kukhu. Sisi ndio tunaingia."

"Kanisani? Unaimba?"

"Tangu Jumapili ya kwanza. Kukhu aliwaambia niko na mimba, wakasema joho kubwa liko. Pole, Mathe. Wananiita." Akakata.

Ndani, wetu walikuwa wamemaliza na watu wanapiga makofi. Nerima alibaki akitazama simu mpaka kioo kikazimika, kisha akanigeukia. Uso ulikuwa umelowa jasho na bado hewa ilikuwa haimtoshi.

"Mama Munyao," aliniuliza, akivuta pumzi kila baada ya neno, "sisi tulikuwa tunamwogopa nani?"

Nilimpangusa uso kwa mkono wa joho langu, nikaketi naye kwenye ngazi.