Tovuti ya Fundi wa Makochi

Fundi wa makochi pale Donholm huongea na misumari mdomoni na kukata kitambaa kwa jicho tu. Jina la tovuti yake, hilo alilipima wiki nzima. Ili asinune mtu nyumbani, aliunganisha majina ya watoto wake wote, akaongeza la mama mkwe, kisha "intanashonali", maana aliwahi kupeleka kochi Machakos, mji wa jirani. Jana mama mmoja mwenye hoteli alipiga simu, anataka kuona kazi zake kabla ya kuagiza. Fundi akatema misumari, akamtajia jina la tovuti herufi kwa herufi. Alipofika jina la mtoto wa nne akapotea.

"Madam, achana na hiyo! Kuja tu Donholm, uliza fundi wa makochi."

Simu ilishakatwa. Jina hilo la "fundi wa makochi" mtaa mzima unalijua. Mtandaoni bado halina mwenyewe.