Aliyenisaidia Kupiga Jasi

Hutaniamini, najua. Mume wangu mwenyewe haniamini mpaka leo. Lakini mimi nilikuwamo chumbani, yeye hakuwamo.

Nyumba iko hapa Malindi, aliachiwa na shangazi yake. Chumba cha kulala kilikuwa kimezungushiwa mbao ukutani, kuukuu, zimeliwa na mchwa. Tukaamua kuzibandua wenyewe, tuupige ukuta jasi na kuupaka rangi kabla hatujahamia. Nyuma ya mbao za pembeni tukakuta ufa uliopanda kutoka sakafuni hadi kifuani, mpana kama kiganja. Ndani giza tu.

Alasiri jasi ikatupungukia. Mume wangu akatoka kwenda dukani. Mimi nikabaki nimeupa mlango mgongo, nalainisha ukuta.

Hakukawia. Nikasikia kandambili zake zikiingia, kisha mwiko wake ukakwaruza ukutani kando yangu. Nikamwambia mbona amerudi upesi. Nikaendelea kumsimulia habari za binti yetu na shule, naye akipaka tu, taratibu, hata bega lake likanigusa. Lilikuwa baridi. Kwa joto lile la Malindi, nani ana bega baridi?

Akasema polepole, "Ule ufa usiuzibe. Niachie nipite."

Sauti ilikuwa ya mume wangu hasa. Nikasema, "Haya."

Hapo simu ikalia. Nikaipokea huku nikipaka.

"Mama Zuhura, nichukue mfuko mmoja au miwili?"

Alikuwa mume wangu, bado yuko dukani. Na kando yangu mwiko ulikuwa ukiendelea kukwaruza.

Wallahi sikutazama. Nilifumba macho, nikapapasa ukuta mpaka mlangoni, nikajikuta barabarani pekupeku.

Mume wangu aliporudi hakukuta mtu. Alikuta miko miwili imelowa, na upande ule wa pili umelainishwa vizuri kuliko wangu. Akanisifu, akidhani ni kazi yangu.

Tunaishi humo, tungeenda wapi? Kila akiuziba ufa ule, asubuhi jasi iko sakafuni. Yeye husema ni unyevu. Mimi akiingia chumbani kimya, humwambia asimame kwanza nimwone.

Nawe ukibandua mbao za nyumba ya zamani, akaingia mtu nyuma yako, geuka umtazame uso. Kabla hujamwona, usimkubalie lolote. Mimi nilikubali, na mpaka sasa sijui nilimkubalia nani.