Funguo Zangu Kwenye Ukuta wa Fundi

Miaka ile kazi ya kiwanda ilipokufa, mji wetu wote wa Likasi ulijifunza kufunga milango. Zamani ulikuwa unatoka kwenda sokoni, ufunguo unauacha chini ya tofali ama kwa jirani, ukirudi unakuta bukari yako, yaani ugali, palepale imefunikwa. Kisha mishahara ikakatika, watu wakalipwa unga, halafu unga nao ukakoma. Maduka yakaporwa. Tangu hapo kila mtu alimwangalia mwenzake mikononi kwanza, usoni baadaye.

Nilikuwa mjane. Bwana wangu aliniachia parseli, kiwanja chenye nyumba yetu mbele, na nyuma vyumba vinne vya kupangisha alivyojenga mwenyewe. Shule niliiacha darasa la pili, lakini namba ninazijua. Nikaweka sheria. Kila mlango funguo mbili: mmoja wa mpangaji, mmoja wangu. Hakuna kuacha kwa jirani. Hakuna kuchonga wa tatu. Ukihama, unaurudisha mkononi mwangu kabla kitanda chako hakijatoka nje. Ingefaa kubadilisha kitasa kila anapohama mtu, najua. Kitasa kipya ungekitoa wapi, rafu za madukani zilikuwa vumbi tupu?

Nilipaka namba kwa rangi nyeupe juu ya kila mlango, na kwenye kila ufunguo nikafunga kipande cha bati chenye namba ileile. Za kwangu nilizivaa kiunoni, ndani ya kitenge. Wapangaji walinicheka. Yule wa mlango wa kwanza, mwanaume wa maneno mengi, aliniambia: "Mama, siku ya mwisho Petro mutakatifu atakuja kukuomba weye funguo."

"Akuje yeye mwenyewe," nikamjibu. "Asitume mutu."

Mlango wa tatu alikaa mwanamke mshonaji. Mashini yake ya kushona ndiyo ilimlisha yeye na watoto wawili. Mwaka huo wamama wa parokia walimpa vitenge vyao vyote, awashonee nguo za sikukuu. Jumapili moja alirudi kutoka misa ya kwanza, akafungua mlango wake kama kawaida, na vitenge havikuwemo. Mashini ilikuwepo, lakini ilikuwa imeshatolewa juu ya meza na kuwekwa karibu na mlango. Mwizi alikusudia kurudi kuichukua.

Mlango haukuvunjwa. Kitasa kilikuwa kizima. Watu wote wa parseli wakatoka, na yule mwanamke akaniuliza mbele yao, kwa sauti ya chini kabisa:

"Mama, minye niko na funguo moja. Ingine iko na nani?"

"Iko na minye."

"Basi ni sisi wawili."

Sikuwahi kuitwa mwizi maisha yangu, na siku hiyo niliitwa bila neno hilo kutajwa. Hasira ikanipanda. Nikamwambia amechonga ufunguo wa tatu na kumpa mtu, sasa anataka kunitupia mimi. Akaapa kwa watoto wake. Wapangaji wengine wakatazama chini. Nikaona wazi: nisipojua aliyeingia, jina langu limekwisha, hapo nyumbani na kanisani pia.

Mtaani kwetu aliyechonga funguo alikuwa mmoja. Alikuwa fundi wa atelye, karakana ya kiwanda, miaka mingi. Kazi iliposimama alijitafutia tupa na chuma cha kubana, akakaa nyuma ya soko chini ya bati. Ndiye aliyenichongea zangu zote. Nilikwenda kwake saa ileile, nikiwa na nguo za misa.

"Yule mushonaji wangu alikuja hapa?"

"Hapana, Mama. Ile mwanamke simujue."

"Nani alikuja kwa ajili ya mlango wangu?"

Akageuka ukutani. Ukuta ule ulikuwa wa mbao, umejaa misumari, na kwenye kila msumari vilining'inia vipande vya bati vilivyokatwa kwa umbo la ufunguo, na namba zimechongwa juu yake. Avenue yetu, parseli yangu, moja mpaka nne. Nyumba yangu nzima imetundikwa sokoni.

"Nani alikutuma ubakishe hizi?"

"Hakuna mwenye kunituma. Ku atelye, kitu unatengeneza leo, unabakisha modeli yake. Kesho kikivunjika, hautafute tena vipimo. Modeli ikipotea, shefu anakufukuza."

"Na mutu akikuja?"

"Anasema namba, ninamuchongea."

"Haumuulize jina?"

"Jina halifungue mlango, Mama."

Nikamwambia mtu kama yeye mahali pake ni Buluo, gerezani, awachongee funguo wafungwa. Hakukasirika. Akafikiri, kisha akasema ile ya mlango wa tatu aliiomba mwanaume mmoja, kabla ya mvua kuisha. Alijiita mpangaji, alisema amepoteza ufunguo, na mama mwenye nyumba ni mkali sana, anaogopa kumwambia.

"Nikamusadiki," akasema, "ju hata minye ninakuogopa."

Namba ya mlango yule mwanaume aliisoma tangu barabarani, kupitia nafasi iliyo kando ya nyumba yangu. Mimi ndiye niliyeipaka, tena kubwa.

Nikang'oa vile vipande vinne, nikavitia kwenye pochi ya kanisani. Fundi alilalamika kwamba naharibu kazi yake. Hakuwa mwizi. Alifanya kazi kama alivyofundishwa, na hilo liliniuma zaidi, maana sikupata mtu wa kumpiga kofi.

Nyumbani niliwaita wote. Nilimshutumu mshonaji mbele yao, ikanibidi niseme mbele yao: mimi ndiye niliyepeleka funguo kwa yule fundi. Yule mshonaji alisikiliza mpaka mwisho, kisha akanyoosha mkono.

"Na ile yako, Mama. Unipe."

"Chumba ni changu."

"Chumba ni chako. Mashini ni yangu."

Nikafungua kamba ya kiunoni, nikampa. Kesho yake akaweka mlangoni kadena, kufuli iliyotoka Zambia, ambayo sijawahi kugusa ufunguo wake. Vitenge havikupatikana. Aliwashonea wamama wale bure mpaka wakatosheka; hawakumpeleka polisi, na wala hakuhama.

Yule wa mlango wa kwanza naye akaja na mkono wake wazi, akitaka ufunguo wangu wa mlango wake. Mara hiyo hakufanya mzaha. Nikampa. Nilikasirika wiki nzima, na nikampa.