Goti Langu Kwenye Televisheni

Miaka ya tisini ikielekea ukingoni, mama alikuwa na duka la vitenge na mashuka Kariakoo, upande wa Msimbazi. Biashara ilikuwa imefunguliwa, mizigo ya Dubai inamiminika, kila baraza limegeuka duka. Mama, Mchaga aliyekuja mjini na sanduku moja, hakufunga lake hata akiwa na homa. Mimi nilimsaidia kuuza, lakini jioni nilikimbilia Jangwani kucheza netiboli.

Huko ndiko nilikoumia. Niliruka kudaka mpira, nikatua mguu umejipinda, nikasikia kitu kimeachia ndani ya goti. Hadi wenzangu wananifikisha dukani, goti limevimba kama papai.

"Twende Ilala, kuna mzee anakanda," mama alisema.

Jirani yetu, mama wa Kihindi aliyeuza vyombo vya jikoni, alikataa. Tulimwita Masi, yaani mama mdogo kwa lugha yao.

"Asikandwe, dada. Apigwe picha kwanza."

Tukaenda hospitali moja ya binafsi. Daktari aliinua picha kwenye mwanga.

"Kano haijakatika. Imeng'oka na kipande cha mfupa, kama mche unavyong'oka na udongo wake. Tutakirudisha."

"Mtampasua goti lote?" mama aliuliza.

"Hapana, mama. Matundu madogo tu, la kamera na ya vifaa."

"Atatembea?"

"Atatembea. Kucheza, itategemea mazoezi."

Siku ya upasuaji nilichomwa sindano ya mgongo, nikafa ganzi kuanzia kiunoni, lakini macho yangu wazi. Muuguzi akanigeuzia televisheni. Ile ya nyumbani ilituonyesha miziki ya Kongo. Hii ilinionyesha ndani ya goti langu, kweupe, maji yanapita, kano inaelea na kipande chake. Nyuzi zikapitishwa kwenye vitundu vya mfupa wa muundi, zikavutwa taratibu, kipande kikashuka kikakaa mahali pake. Machozi yalinitoka, na sikusikia maumivu yoyote.

Maumivu yalikuja baadaye, banzi walilonifunga mguuni lilipoondolewa na goti likagoma kukunjika. Kila alasiri wateja wakipungua, Masi aliacha vyombo vyake, akaja kuketi juu ya robota la mashuka, akinihesabia kwa Kigujarati. Mama alinifunga mfuko wa chumvi kwenye kifundo cha mguu ili nipate uzito wa kunyanyua.

"Kunja."

"Linauma, mama."

"Najua. Kunja."

Tukimaliza, tulikunywa chai ya tangawizi pale pale kati ya marobota, na wao wakaanza kuwasengenya wauzaji wa mtaa mzima. Siku hizi pamesimama ghorofa, na wote wawili wametangulia mbele ya haki. Katika ujana wangu wote, hakuna saa ninazozikumbuka kama zile.

Msimu uliofuata nilirudi uwanjani. Katikati ya mchezo niliwaona mama na Masi wamesimama pembeni, mikoba kwapani. Mama alikuwa amefunga duka mchana kweupe. Hakuwa amewahi kuniona nikicheza. Kila niliporuka, aliukamata mkono wa Masi, akauachia nikishatua.

Tulifungwa. Tulirudi kwa miguu, mimi katikati yao, mama akitaka nimweleze kwa nini refa alimwacha yule msichana mrefu anisukume vile.