Nilipowagawa Wakorea kwa Rangi

Mimi ni mtaalamu wa historia ya Korea ya Kaskazini nisiyejua kusoma hata kibao cha duka kwa Kikorea. Mchana nafanya kazi wizarani, Al Khuwair, hapa Maskati, natafsiri barua za serikali baina ya Kiarabu na Kiingereza. Jioni, wenzangu wa rika wakenda Mutrah kutembea kupunguza vitambi, mimi hukaa na changu mbele ya kompyuta, nikisoma taarifa za zamani za ubalozi wa Kisovieti mjini Pyongyang, zilizotafsiriwa na kuwekwa mtandaoni.

Aliyeniponza ni shemeji yangu, mume wa dada. Kila mwezi hutukusanya jamaa wenye asili ya Unguja kwenye majlis yake, ukumbi wa wageni, kule Hail, na mmoja wetu huzungumza. Aliyenitangulia alitueleza maradhi ya sukari, na sambusa zikarudi jikoni nzima.

"Mwezi huu zamu yako," akanambia. "Lakini usituchoshe."

Nikatengeneza picha ya kuonyesha ukutani. Viongozi wa mwanzo wa chama kinachotawala kule niliwagawa kambi nne: waliopigana msituni pamoja na yule aliyekuja kuwa mkuu wa nchi, nyekundu; waliotoka Urusi, buluu; waliotoka Uchina, kijani; wakomunisti wenyeji, manjano. Kisha mishale, nyekundu ikizimeza nyengine moja moja. Nilijiona bingwa.

Siku moja kabla, nikitafuta kisa cha kunogesha, nikazirudia taarifa za miaka ya hamsini, pale baadhi ya wakuu walipopanga kumkosoa mkubwa wao kikaoni. Nilikwisha kuzisoma, lakini kwa namna yangu, nikiruka kurasa mpaka penye ugomvi. Safari hii nikasoma zote. Mtu wangu wa kijani analalamika jambo lile lile analolalamikia wa buluu: watu wana njaa, na fedha zinamwagwa viwandani. Buluu mwengine anamtetea mkuu. Yule niliyemwita mla njama anaonekana mwoga tu, hajui kesho itakuwaje. Na mkuu mwenyewe, niliyemchora kama aliyepanga kila kitu tangu mwanzo, kuna siku anababaika.

"Si ubadilishe rangi?" mke wangu akauliza nilipomweleza.

"Rangi zenyewe ndizo makosa."

"Basi nenda na mdomo. Huo hujawahi kuusahau."

Nikenda na rangi vilevile, kwa woga. Nilipofika mshale wa pili nikawageukia. "Jamani," nikasema, "picha hii si kweli."

"Sasa umetuwekea ya nini?" akauliza shemeji. Majlis nzima ikacheka.

Nikaeleza kwa kubabaika kwamba watu wale tumewapanga makambi sisi, baada ya kujua nani alishinda. Mzee mmoja akauliza kama hawa ndio wanaotengeneza simu. "Hao wa kusini, ammi," nikamjibu. Akarudi kwenye sambusa yake.

Ndipo mamkubwa, dada yake mama, akasema kutoka upande wa wanawake: "Mbona ndivyo tulivyofanywa Unguja wakati wa Mapinduzi! Bamkubwa wako, Mungu amrehemu, walimtia chama asichokijua, kwa sababu ya baraza aliyokuwa akikaa. Na pale akikaa kwa ajili ya kahawa. Ya mtaani kwetu ilikuwa mbovu."

"Haikuwa mbovu!" akaruka mzee wa sambusa. "Mimi nimekulia mtaa huo."

Basi. Wazee wakashikana kwa kahawa ya mitaa miwili ya Unguja, halafu wakaanza kutajana nani alikuwa akikaa wapi na nini kilimfika. Nikazima mashine ya picha bila ya mtu kutambua. Niliona haya, na wakati huo huo nilitamani wasinyamaze.

Mlangoni, wakati wa kuagana, mamkubwa akanishika mkono. "Na wale wakubwa wako walioshindwa, wake zao walikwenda wapi?"

"Wengine walikimbilia Uchina, mamkubwa. Wao wanaume. Wake zao sijui."

"Miaka yote unasoma, hujui?"

"Sijui."

"Basi soma tena, mwanangu."

Nasoma tena, pole pole, bila kuruka kurasa. Mpaka sasa nimepata sentensi chache tu, tena za juu juu, za afisa anayetaja familia iliyobaki nyuma kisha anaendelea na habari za vikao. Mamkubwa akinipigia simu Ijumaa huniuliza kwanza presha yangu, kisha wale wanawake. Kuhusu presha huwa namdanganya.